Nyumba ya Mita Moja

Mita ilikuwa inakimbia, na nyumba nzima hapakuwa na kitu kilichowashwa.

Hapo ndipo tulipoachana Jumamosi iliyopita, na najua wapo waliokasirika. Kasirikeni. Zulma Arbiza amekasirika kuwashinda, na yeye ana sababu.

Kwa aliyechelewa, nitasema mara moja tu. Zulma anakaa nusu ya nyuma ya nyumba ya marehemu baba yao, mjini Paysandú. Nusu ya mbele anakaa dada yake mkubwa, Nelba. Mirathi haikuwahi kufikishwa mahakamani, basi wakajigawia wenyewe: wakapiga ukuta wa mbao katikati, mlango wa zamani wa chumba cha kulia wakauziba kwa kabati, na vijiko wakahesabiana. Kitu kimoja kiliwashinda kugawa, nacho ni mita ya umeme. Ni moja, iko barazani, na ina kikomo chake. Mmoja akizidisha kidogo, swichi kuu inajizima, na wote wawili wanabaki gizani wakilaaniana kupitia mbao.

Kuongezewa umeme kunataka sahihi za pande zote mbili. Ngojeni hizo sahihi mpaka ng'ombe aote mbawa.

Ugomvi ulianzia kwa Dardo, kaka yao. Enzi zile bangi ilipokuwa kosa la jela, Dardo alipanda mimea michache uani. Nelba akasikia tetesi kwamba polisi watapita mtaani. Akaogopa, akaing'oa yote, na kwa akili zake akaichoma kwenye jiko la matofali la kuchomea nyama, Jumapili mchana, mtaa mzima uko nje. Polisi hata hawakuwa na habari na Dardo. Walifuata moshi.

Dardo alitoka jela na kifua kibovu na hakumaliza mwaka. Zulma alikuwa ameokoa tawi moja tu, akalichomeka kwenye kopo la jamu. Kutoka tawi hilo akatoa jingine, na jingine, miaka yote kwa siri, hadi sheria ilipobadilika na kila nyumba ikaruhusiwa mimea sita. Akaisajili kwa jina lake. Mmea huo aliuita Porfiada, yaani mbishi. Kwa Zulma, ndicho kitu pekee kilichobaki duniani chenye uhai wa Dardo. Shikeni hilo, mengine yote ni kelele.

Haya, twende.

Ilikuwa Julai, baridi, na mvua ilikuwa haijanyamaza tangu juzi yake. Mvua ikinyesha nchi ile, kila nyumba inakaanga maandazi bapa, na gesi ilikuwa imekwisha madukani. Nelba alikuwa ameondoka na mtungi wake kwenda kupanga foleni. Zulma aliona hiyo ndiyo nafasi ya kuipima mita. Wiki nzima swichi kuu ilikuwa inamzimia taa ya mimea, na mmea wa bangi ukiwa kwenye maua hautaki mchezo na saa zake za mwanga na giza. Ukiuvuruga, nao unakuvuruga.

Akazima taa. Akazima friji, redio, kila kitu. Akatoka barazani kuiangalia mita, akakuta kijitaa chake chekundu kinapepesa kwa kasi ileile. Kuna mtu alikuwa anakula umeme.

Asubuhi alikuwa ameshapiga simu kampuni ya umeme kushtaki wizi. Sasa alijipongeza kwa kupiga.

Wilmar alimkuta palepale barazani. Huyu ni jirani, fundi umeme mstaafu, na hatembei bila chupa ya maji ya moto kwapani na kibuyu cha yerba, ile chai yao ya majani machungu, mkononi. Asubuhi anakunywa na Zulma, jioni anakunywa na Nelba, na katikati anabeba maneno. Zulma alimwonyesha mita. Wilmar akaiangalia, akaangalia mvua, akasema labda ni unyevu kwenye waya.

Zulma alimwambia unyevu haupigi mbio namna ile.

Wilmar akabadilisha mada upesi. Akasema kabla mtu hajatafuta mwizi nje, atazame kwanza mharibifu aliye ndani. Akamvuta hadi chumba cha mimea, kile kilichokuwa cha kulia zamani, akawasha taa, akamwonyesha kitufe cha kuongezea ukali. Kilikuwa kimezungushwa mpaka mwisho. Majani ya juu yalikuwa yamejikunja kingo kwenda juu, ncha zimeanza kupauka.

Akarudia mahubiri yake ya siku zote. Taa ya namna ile ikiendeshwa nusu, inatoa mwanga mwingi kwa umeme mchache. Ukiisukuma hadi mwisho, unacholipia ni joto. Ishushe chini kidogo, ipunguze ukali, kuta zipake chokaa mwanga usipotee pembeni, na mimea yote sita itashiba bila kumzimia mtu.

Zulma hakuwa mjinga wa hayo. Alikuwa ameyasoma, na ukali wa mwanga alikuwa ameupima jani kwa jani kwa simu yake. Alijua fika kwamba robo ya mwisho ya kitufe kile haimwongezei hata ua moja. Lakini hakuwa anatafuta maua.

Alikuwa anatafuta harufu. Bangi ya Dardo, ukiivunja shina, ilinuka jani bichi la mchungwa, na ukifumba macho unamwona mwenyewe uani na kofia yake. Tangu Zulma afanyiwe operesheni ya nyonga Montevideo akarudi nyumbani na magongo, harufu hiyo ilikuwa imepotea. Alijiambia ni mwanga haujatosha. Kila mwaka akaongeza, kitufe kikafika mwisho, akanunua taa kubwa zaidi, nayo akaifikisha mwisho.

"Shusha mpaka nusu," Wilmar alisema. "Mmea umeshiba, jirani. Unaulisha kwa fimbo."

"Harufu haijarudi."

"Na hairudi kwa mwanga."

Neno hilo lilimponyoka. Zulma alilidaka kabla halijafika chini.

"Kwani inarudi kwa nini?"

Wilmar alinyonya yerba kwa haraka, akaungua ulimi, akasema ameacha dengu jikoni zinaungua. Akaondoka mbio mvuani. Mwongo mbaya yule. Siku ile jikoni kwake palikuwa baridi kama kwa kila mtu, gesi haikuwepo mji mzima.

Zulma alibaki amesimama. Akaizima tena taa ya mimea ili afikiri vizuri, na chumba kilipoingia giza, akaona kitu ambacho hajawahi kukiona kwa sababu taa yake mwenyewe ilikuwa kali mno. Chini ya lile kabati lililoziba mlango wa zamani kulikuwa na mstari wa mwanga. Ulikuwa mweupe, mwembamba, na ulitoka upande wa pili.

Upande wa pili wa kabati ndiko kilikokuwa chumba cha Dardo.

Nelba hakuwahi kukitumia chumba hicho. Dirisha lake lilikuwa na blanketi mwaka mzima, na mtu akiuliza, Nelba alijibu kwamba hapendi jua lichubue samani. Samani zipi? Kitanda cha chuma na kiti.

Mwanamke mwenye nyonga ya bandia hatakiwi kusukuma kabati la mbao ngumu. Zulma alilisukuma. Akaupiga mlango bega, rangi ya zamani ikaachia, mlango ukafunguka.

Alisimama mlangoni.

Palikuwa na mmea mmoja, kwenye debe la mafuta ya kula. Juu yake ilining'inia taa ndogo, imeshushwa karibu, hafifu hata unaweza kuitazama bila kukunja uso. Kuta zilibandikwa karatasi nyeupe. Sakafuni hita ndogo ilikuwa inanguruma peke yake, na hiyo ndiyo iliyokuwa inaikimbiza mita. Mmea wenyewe, ewe msomaji, ulikuwa umenawiri. Majani bapa, kijani cha kweli, shina fupi nene. Hata jani moja halikujikunja.

Zulma aliona kwa jicho la kazi kwamba mmea ule ulikuwa na raha kuliko yake yote sita. Hilo likamwuma kwanza. La pili likaja nyuma yake na ndilo lililompandisha wazimu.

Mimea sita kwa nyumba moja, sheria ndivyo isemavyo, na kwa sheria hii bado ilikuwa nyumba moja. Huu ulikuwa wa saba. Akapanga yote kichwani pale pale. Nelba kamwibia tawi. Nelba kaufuga wa saba kwa siri ili siku moja aite wakaguzi, usajili ufutwe, na kila kitu king'olewe. Aliichoma bangi ya Dardo mara ya kwanza, sasa anataka kumaliza.

"Mara hii hunichomei," alisema, na hakukuwa na wa kumsikia.

Akaushika ule mmea shinani kwa mikono miwili na kuuvunja. Ulikuwa mgumu, ikabidi aupinde mara ya pili. Ulipoachia akautupa chini na kuukanyaga, kiatu cha kulia, cha kushoto, cha kulia.

Kisha harufu ikapanda.

Ilikuwa jani bichi la mchungwa. Ilimjia puani, ikamshuka kifuani, ikajaa chumba cha Dardo kuanzia sakafuni mpaka dari. Ilikuwa kwenye viganja vyake na kwenye nyayo za viatu. Akakaa kwenye kitanda cha chuma. Alikuwa ameitafuta harufu hiyo miaka yote, na alikuwa ameiua yeye kwa mikono yake.

Nelba aliingia hivyo hivyo, koti linachuruzika maji, mtungi mtupu mkononi. Alitazama kabati lililosogezwa. Alitazama debe. Mtungi ukamtoka, ukabingirika mpaka ukutani.

"Umefanya nini?"

"Umeupata wapi huu?" Zulma alijibu kwa swali, na sauti haikuwa yake.

"Nimekuuliza umefanya nini, wewe mwendawazimu."

Zulma alisema yeye ndiye wa kuuliza, kwani mali ni ya kwake. Hapo Nelba alicheka kicheko kibaya na kumwambia ya kwake ilikufa zamani. Ilikufa majira ya baridi ya operesheni. Zulma akiwa Montevideo kitandani, mimea alimwachia Wilmar. Wilmar akaenda kwa binti yake kusherehekea kuzaliwa kwa mjukuu, swichi kuu ikajizima huku nyuma, na baridi ikaingia. Aliporudi alikuta mizizi imeoza na majani yamelala.

"Alikuja kwangu analia," Nelba alisema. "Mtu mzima mwenye mvi. Nikaenda kuangalia. Lilibaki tawi moja tu lenye uhai, na mimi ndiye niliyelitia kwenye glasi. Yeye akachomeka bangi yake kwenye vyungu vyako, ukaja ukaipokea kwa mabusu."

"Mwongo."

"Nusa mikono yako."

Zulma hakuinusa. Hakuhitaji. Aliona miaka yake yote kwa mkupuo: taa kubwa, taa kubwa zaidi, majani ya watu anayoyachoma kwa mwanga ili yawe kitu ambacho hayakuwahi kuwa.

Akauliza kwa nini hakuambiwa. Akauliza kwa nini Nelba, mwanamke aliyetema mate kila akipita dirisha lake, mwanamke aliyewaambia majirani wote kwamba jani lile lilimuua kaka yao, alikaa nalo chumbani kwa siri kama mtu anayeficha mimba.

"Kwa sababu ungelichoma," Nelba alisema. "Wewe hujui kidogo ni nini. Ungelipiga mwanga mpaka likauke, halafu ungesema ni mimi. Na kwa sababu Dardo alikuwa kaka yangu pia. Au ulimzaa wewe?"

Hawakuwa wamesemeshana maneno mengi kiasi hicho tangu mazishi, na yote yalikuwa sumu. Lakini wakati wanatupiana, macho ya wote wawili yalikuwa sakafuni, yanatafuta. Nelba ndiye aliyeliona kwanza: chini ya kitanda, kilele kimoja kilichochomoka mapema kabla viatu havijakifikia. Majani manne na jicho la katikati. Kilikuwa kizima.

Nelba alipiga magoti upande mmoja, Zulma na nyonga yake upande mwingine.

Kazi ile wote waliijua, na waliifanya huku wakitukanana. Nelba alileta glasi ya maji na wembe, Zulma akakata shina kwa mshazari ndani ya maji ili lisivute hewa. Nelba alimwambia anakata kama mlevi. Zulma alimwambia afunge mdomo na alete chupa ya plastiki ikatwe iwe kifuniko. Majani mawili makubwa wakayapunguza nusu. Hita wakaisogeza, si karibu sana.

Ikabaki taa. Mkono wa Zulma ulikwenda kwenye kitufe wenyewe, kwa mazoea, kuelekea kulia.

"Kushoto," Nelba alisema.

Zulma alizungusha kushoto.

"Bado. Tawi halina mizizi, litakunywa kwa nini? Shusha."

"Naijua kazi."

"Unaijua kazi ya kukaanga. Shusha tena."

Alishusha hadi taa ikabaki na mwanga wa kumtosha mtu kutafutia funguo. Wakasimama wakiitazama glasi. Jani moja lililokuwa limelegea likaacha kulegea. Kama mmoja wao angekuwa na akili, angesema neno jema hapo.

Halafu chumba kikawa giza, na hita ikanyamaza.

Kila mmoja alimtupia lawama mwenzake kwa desturi, kwamba ameacha kitu kimewashwa. Ila safari hii haikuwa swichi kuu. Barazani palisikika vyuma vinagongana. Walitoka, Nelba mbele, Zulma nyuma kwa kuchechemea.

Mfanyakazi wa kampuni ya umeme alikuwa amefungua kasha la mita. Alikuwa amevaa koti la mvua la njano, kofia imefunika uso mpaka kwenye nyusi, na glavu. Sauti ilikuwa ya msichana. Alisema, bila kugeuka, kwamba amekuja kwa ajili ya ile simu ya wizi wa umeme. Amekuta waya umeungwa baada tu ya mita kinyume cha taratibu, unaingia chumba cha mbele. Kwa hiyo laini imekatwa na kufungwa kwa lakiri.

Waya huo aliuunga Wilmar. Wilmar mwenyewe alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara na chupa yake kwapani, na aliposikia neno waya, alianza kurudi kwake kinyumenyume.

"Simu ya nani?" Nelba aliuliza.

Zulma alijifanya anatazama mvua. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu alikuwa ameshafika majini.

Nelba aligeuka taratibu. Alisema miaka yote hii amebebeshwa ule moshi. Amenyimwa salamu, amenyimwa kiti kwenye misa ya kumbukumbu ya kaka yake mwenyewe, kwa sababu siku moja aliogopa akafanya ujinga uliomleta askari mlangoni. Na leo je?

"Leo umewaita wewe," alisema. "Kwangu mimi ulikuwa moshi, Zulma. Wewe umetumia simu."

Hilo liliingia na kutokea mgongoni. Zulma alishika nguzo ya baraza.

Lakini tawi lilikuwa ndani, gizani, na baridi ilikuwa inapanda. Akameza yote na kumwuliza yule msichana umeme utarudi lini. Msichana akasema hata sasa hivi, kama waya ule utaondolewa na wenye nyumba wakatia sahihi kwamba wanauwajibikia. Mita bado iko kwa jina la marehemu baba yao. Bila sahihi za warithi wote, laini haifunguliwi. Ni ofisini, mahakamani, na Mungu ndiye ajuaye.

Zulma alijua tawi lile halina siku za kwenda mahakamani. Dirisha la Julai lenye mvua halitoi mwanga wa maana, na bila joto shina litaoza kwenye maji. Akasema wampelekee Wilmar. Alilisema huku akijua ni upuuzi.

"Mikononi mwa Wilmar ndimo lilimofia mara ya kwanza," Nelba alisema. "Haliendi."

"Basi saini."

"Nitasaini kwa sharti."

Sharti lilikuwa hili. Taa kubwa ya Zulma ishuke leo, isipande tena. Mimea sita ya Wilmar ing'olewe, yote, na ang'oe Zulma kwa mikono yake, Nelba akiwa ameketi kitini anaangalia. Umeme wote wa kikomo kile uende kwenye glasi moja, katika chumba cha Dardo, upande wa Nelba. Na Zulma akitaka kuliona tawi, abishe hodi mlango wa mbele kama mgeni.

Nelba alilitamka lile la hodi kwa raha. Alikuwa amelisubiri.

Zulma alifikiria mimea yake sita. Haikuwa ya Dardo, lakini alikuwa ameilea, ameitolea wadudu mmoja mmoja kwa kibanio cha nyusi. Alifikiria pia kubisha hodi kwenye nyumba aliyozaliwa. Uso ulimwiva kwa aibu.

"Lete kalamu," alisema.

Mnajua alivyo na kiburi huyu mwanamke. Hata mimi ninayewaandikia sikutegemea.

Alisaini kwanza kwenye fomu ya yule msichana, kwa nguvu hadi ncha ikatoboa karatasi. Nelba akafuta mkono kwenye sketi, akasaini chini yake, mbali kidogo, majina yasigusane. Kisha wote wawili wakamtazama yule msichana, wakingoja akate lakiri.

Msichana hakuigusa mita. Alitazama karatasi, akatazama mlango ulioachwa wazi. Kutoka ndani harufu ya jani la mchungwa ilikuwa inatoka mpaka barazani.

"Warithi mko wangapi?" aliuliza.

"Wawili," walijibu kwa pamoja, na lilikuwa jambo la kwanza kukubaliana tangu wamzike Dardo.

Msichana alivua glavu, ya kwanza, ya pili. Akasema kazi hii hakupangiwa. Aliiona anwani asubuhi akaomba apewe, kwa sababu mwezi mzima amekuwa akipita mtaa huu na kushindwa kubisha. Akasukuma kofia nyuma. Maji yalimtiririka usoni, na uso wenyewe ulimfanya Nelba atafute ukuta wa kuegemea, maana alikuwa na nyusi zilizoungana katikati na kidevu kilichopinda kidogo kushoto, na Paysandú yote alikuwapo mtu mmoja tu aliyewahi kuwa na kidevu kile, naye ni Dardo.

Akaichukua ile karatasi yenye sahihi mbili na kuichana katikati.

"Watatu, shangazi," alisema. "Na mimi sisaini."